Vitafunio vya mtoto kwa mkia wa moto: mwongozo kwa jikoni za Bukavu

Siku niliyowasha mbabula, lile jiko letu la makala, mara ya pili mchana ili nioke vibiskuti kumi vya mtoto, mama mkwe wangu alisimama mlangoni. Akatazama moto, akatazama gunia la makala, kisha akaniuliza kwa ule upole wake unaouma: "Mama, moto huu wa tena ni wa nini? Makala yanaota hapa nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa najigamba kwa majirani kwamba sinunui tena biskuti za paketi na kwamba kwangu hakutupwi sashe, ile mifuko ya plastiki. Kumbe nimeacha kutupa plastiki, nikaanza kutupa makala. Na makala hayashuki mbinguni. Mengine yanayouzwa hapa mjini yanatoka upande wa Kahuzi-Biega, msitu uliofanywa hifadhi tangu 1970, na kila gunia linalotoka huko ni miti iliyolala chini.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: kitafunio cha mtoto hakiwashiwi moto wake. Ama kinapanda juu ya sufuria ya familia, ama kinangoja mkia wa moto, yaani ile saa watu wameshakula na makala yamejifunika majivu meupe lakini ndani bado ni mekundu. Yote yaliyo hapa chini yanafuata kanuni hiyo.

Mapishi haya ni ya watoto wa mwaka 1 hadi 3. Wa chini ya miezi 6 ananyonya tu. Wa miezi 6 hadi 12 unaweza kumpa baadhi ya vitu hivi ukivipondaponda hadi viwe uji mzito, bila chumvi wala sukari. Asali asionje kabla hajatimiza mwaka, hata kidogo kwenye ncha ya kidole, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.

Taka huanzia sokoni

Jaribu siku moja kukusanya kila kitu anachoacha mtoto mmoja: paketi ya biskuti ya asubuhi, sashe ya karanga, paketi nyingine ya saa kumi, kichupa cha juisi. Hapa Bukavu sote tunajua vinakokwenda. Mvua moja inavisomba hadi kwenye mfereji, mfereji unavimwaga ziwa Kivu, na ziwa linavisukuma hadi mto Ruzizi. Huko vinarundikana kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza, vinaziba njia ya maji ya mitambo, na sisi huku juu tunauliza kwa nini umeme umekatika. Serikali ya Kongo ilikataza mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017. Ukivuka daraja kwenda Rwanda, ambako ilikatazwa tangu 2008, sashe yako inabaki mpakani. Lakini ukinunua nyanya nne soko la Kadutu utafungiwa sashe kabla hujafungua mdomo.

Kwa hiyo fungua mdomo mapema. Mimi naenda na kitunga, makopo mawili yenye mfuniko (moja la karanga ya kusaga, moja la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani), na vifuko vitatu nilivyoshona kwa mabaki ya kitenge kwa ajili ya unga. Usimpe muuzaji kopo lako alipimie humo. Atadhani kopo ni kubwa, wewe utadhani amekupunja, na mtagombana bure. Mwache apime kwa kipimo chake anachokiamini, kisha amimine kwako. Baada ya wiki mbili tatu mama wa karanga atakuwa anakuuliza mwenyewe, "Kopo lako liko wapi leo?"

Ndizi mbivu nazinunua jioni, zile zenye madoa meusi ambazo muuzaji hataki kulala nazo. Bei inashuka, na kwa kazi yetu ndizo bora kuliko za asubuhi, maana sukari yake imekomaa na hutahitaji kuongeza nyingine. Viazi vitamu chagua vya rangi ya chungwa ukivipata, vina vitamini A nyingi. Unga chukua wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama tunaopikia uji. Kabla ya kulipa, chota kidogo kwenye kiganja unuse. Ukitoa harufu ya maharage mabichi, soya haikukaangwa kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviua. Ukiwa nyumbani na unga wa namna hiyo, utumie kwa uji unaochemka muda mrefu, si kwa vibiskuti.

Karanga zikiwa na ukungu au uchungu, zitupe. Najua huu ni mwongozo wa kutotupa, lakini hapa usione huruma. Ule ukungu unaacha sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga.

Kabla hujapika: vinavyokaba koo

Karanga nzima si chakula cha mtoto wa chini ya miaka 5. Bisi pia hapana, wala karoti mbichi, wala vipande vya muwa, wala kipande cha nyama cha kutafuna. Kila kitu unachompa kikaguliwe kwa vidole: kibane kati ya gumba na kidole cha shahada. Kikipondeka, mpe. Kikikataa, kirudi jikoni. Umbo nalo lina maana. Tonge la duara linaloziba koo ni la hatari kuliko lile lile likibanwa bapa, ndiyo maana mapishi yote hapa ni ya bapa au ya vijiti.

Mtoto ale amekaa. Huku kwetu penye ngazi na miteremko, mtoto anayekimbia na chakula mdomoni ana hatari mbili kwa wakati mmoja. Akikabwa na hawezi kukohoa wala kulia, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Aliyepita mwaka mwinamishe mbele, mpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kilichomkaba kisipotoka, mkumbatie kwa nyuma, ubane kwa nguvu mara 5 ukivuta ndani na juu, juu kidogo ya kitovu. Wa chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze, mikandamizo 5 katikati ya kifua, si tumboni. Endelea kubadilisha huku mtu mwingine akitafuta msaada.

Juu ya sufuria ya maharage

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yetu yanakaa motoni kupita kiasi, na ndugu anayekuja kutoka Uvira, mji ulio chini kuliko wetu, anakushangaa. Mimi nimeacha kulalamika. Sufuria inayotoa mvuke saa mbili ni jiko la bure.

Loweka maharage tangu usiku, umwage maji yale. Yakishachemka, chukua jani la mgomba, lipitishe juu ya moto hadi ling'ae na kulainika, lifungie viazi vitamu viwili vya ukubwa wa ngumi, vikiwa na maganda yake, na karoti moja iliyokatwa vijiti. Weka kifurushi hicho kwenye sahani ya bati inayokaa mdomoni mwa sufuria, ukifunike kwa mfuniko mkubwa kidogo. Baada ya dakika 40 hivi viazi vimeiva, na karoti inapondeka kwa vidole. Karoti hiyo tayari ni kitafunio; mpe mtoto mkononi na uendelee na kazi.

Maharage yenyewe yakiiva, chota sehemu ya mtoto *kabla* ya chumvi, mafuta na vidonge vya mchuzi. Hiki ndicho kitu kidogo chenye faida kubwa kuliko vyote katika mwongozo huu, kwani ukishatia chumvi kwenye sufuria ya watu wanane huwezi kuitoa. Ponda vijiko vinne vya maharage hayo kwa uma, changanya na nusu kijiko cha karanga ya kusaga, tengeneza vidonge bapa. Havihitaji kukaangwa. Vinaliwa vikiwa vuguvugu, na kama jana ulibakiza lengalenga, yaani mchicha, iliyopikwa bila chumvi, katakata kijiko kimoja uitie humo.

Vibapa vya viazi na unga wa sambaza

Hivi ndivyo mtoto wangu anavidai kwa jina, kwa hiyo nitavieleza polepole.

Kwanza ni unga wa sambaza, ambao unatengenezwa mara moja na kutumika wiki mbili. Sambaza tumewazoea mpaka tunadhani walizaliwa na ziwa Kivu, lakini waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nunua wakavu, vikombe viwili. Wakavu wengi wameanikwa chini, kwa hiyo wana mchanga, na mchanga ukiingia kwenye kinu hautoki tena. Waweke kwenye kitambaa kikavu, shika pembe nne, utikise kama unayepepeta. Fungua, chukua samaki kwa vidole kutoka juu, acha vumbi chini. Rudia hadi kitambaa kibaki safi. Mimi inanichukua mara tatu. Wakiwa wametiwa chumvi, waoshe haraka kwa maji ya moto, kisha uwaanike tena.

Wakaange kwenye kikaango bila mafuta, juu ya mkia wa moto, ukigeuza kila mara. Usiangalie rangi, sikiliza: samaki aliye tayari anavunjika kwa sauti, *tak*. Anayejikunja bado. Wakipoa watwange wazima, kichwa, mifupa na yote, kwa kuwa kwenye mifupa ndimo iliyomo kalsiamu. Chekecha kwa chujio la chai. Kinachobaki juu ya chujio kinarudi kinuni, si jalalani. Tia unga kwenye chupa kavu ya kioo; kijiko chenye maji kisiingie humo.

Sasa vibapa. Menya viazi vyako viwili vingali vya moto, ganda linavuka lenyewe. Ponda hadi mabonge yaishe. Ongeza yai moja, kijiko kikubwa kimoja cha unga wa sambaza, na vijiko vikubwa viwili vya unga wa mahindi. Usimimine unga wote pamoja, kwa kuwa kiazi kimoja kina maji kuliko kingine. Mchanganyiko ulio sawa unashikana kiganjani na kuachia ukiupangusa. Ukinata kama gundi, ongeza unga kidogo. Ukipasuka kingo, lowesha vidole. Finyanga vibapa vyenye unene wa kidole kidogo. Utapata kumi au kumi na viwili.

Kikaango kipate moto wa wastani, ukipake mafuta ya mawese kwa kipande cha ganda la ndizi kilichochovywa (ganda linafanya kazi ya brashi, halafu linaenda kwa mifugo). Panga vibapa, funika, dakika 4 upande mmoja, 4 upande wa pili. Kivunje kimoja katikati: yai lisionekane bichi wala linalong'aa kwa maji. Kama hii ni mara ya kwanza mtoto kula yai au samaki, mpe kipande kidogo, mchana, siku ambayo uko naye, umwangalie kama anavimba midomo au kutoka vipele.

Oveni ya mchanga

Hapa ndipo moto uliobaki unapolipa. Unahitaji sufuria kubwa nzito, mchanga safi uliooshwa na kukauka, mawe matatu madogo, na sahani ya bati inayoingia ndani bila kugusa kuta. Mimina mchanga unene wa vidole viwili, panga mawe, funika, weka sufuria juu ya mbabula mara tu bugali inapotoka. Acha dakika 15 ipate joto wakati familia inakula.

Wakati huo ponda ndizi tatu zilizoiva sana. Tia vijiko vikubwa viwili vya karanga ya kusaga isiyo na sukari wala chumvi, na kikombe kimoja cha unga wa masoso, kidogo kidogo. Hakuna sukari, hakuna amira. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu chakula cha watoto wa miezi 6 hadi 23, linashauri wasipewe vyakula vyenye sukari na chumvi nyingi wala vinywaji vya sukari, na ukweli ni kwamba ndizi yenye madoa haihitaji msaada. Tandaza donge kwa unene wa nusu kidole kwenye sahani iliyopakwa mafuta kidogo, kata kwa kisu mistari ya vijiti.

Weka sahani juu ya mawe, funika, kisha chota makala manne au matano yenye majivu uyapange juu ya mfuniko. Manne au matano. Mara ya kwanza mimi niliweka kumi na mbili nikiwa na haraka. Juu pakawa peusi kama sufuria yenyewe, katikati pakabaki uji, nikala mimi na mume wangu kwa adabu. Baada ya dakika 25 fungua. Kingo ziwe kahawia, na ukibonyeza katikati parudi juu. Utapata vijiti laini vya mtoto wa mwaka mmoja. Kwa wa miaka miwili na zaidi, vigeuze na uviache ndani hadi moto ufe wenyewe. Asubuhi vitakuwa vikavu zaidi. Lakini pima tena kwa vidole, na akila mpe na maji.

Mchanga ule ule unatumika miezi. Usitupe.

Makapi ya soya na mkate wa jana

Anayetengeneza maziwa ya soya nyumbani anabaki na makapi kwenye kitambaa, na wengi wanayapa kuku. Kuku wasubiri. Kikombe kimoja cha makapi, yai moja, vijiko vitatu vya unga wa ngano, karoti iliyokunwa: finyanga bapa, kaanga kwa mafuta kidogo dakika 5 kila upande hadi ndani paive kabisa, kwa sababu makapi nayo ni soya mbichi kama hukuyachemsha pamoja na maziwa. Yatumie siku ile ile, yanachacha upesi.

Mkate mkavu uchovye kwenye yai lililopigwa na maziwa yaliyochemshwa, uukaange. Basi.

Na usisahau kwamba avoka na ndizi zimekuja duniani na mifuko yake. Siku umechoka, avoka iliyoiva ikatwe vijiti, uviviringishe kwenye unga kidogo wa masoso uliokaangwa ili visiteleze mkononi. Mtoto hana habari kwamba hukupika.

Kuhifadhi pasipo friji

Vitafunio vyenye samaki, yai au maharage viliwe ndani ya saa 2 baada ya kutoka motoni. Vikizidi hapo, wakubwa wasivimalizie kwa huruma. Ndiyo maana vipimo vyangu ni vidogo: kupika vingi ili "visiharibike" ndiyo njia ya haraka ya kuviharibu. Vijiti laini vya ndizi vinafika kesho asubuhi. Vile vilivyokauka vinakaa siku tatu au nne kwenye kopo la bati, mahali pakavu.

Lakini vipoe kwanza. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilifungia vijiti vya moto kwenye kopo, nikalala nikifurahi. Asubuhi mfuniko ulikuwa unatoa jasho kwa ndani, na vijiti vilikuwa na utelezi na harufu ya pombe. Mvuke ulikosa pa kutokea. Siku hizi vinalala saa nzima kwenye ungo chini ya kitambaa, nikiviamini ndipo naviweka.

Mkienda kanisani au kliniki, jani la mgomba lililopitishwa motoni linafunga vizuri kuliko karatasi, na ukiliacha njiani mbuzi atakushukuru. Kitambaa nacho kinafaa: kipande cha pamba cha sentimita 30 kwa 30, kichemshwe kwa sabuni baada ya kila safari, kianikwe juani.

Maganda

Maganda ya viazi vitamu, karoti na ndizi ni ya simbilisi, na kama huna, jirani anao. Nyumba nyingi za Bukavu zinafuga, na wakati mwingine ganda linarudi kama nyama ya sikukuu. Ganda la avoka na kokwa yake usiwape: lina sumu inayoua simbilisi na sungura. Hilo lichimbie chini ya mgomba pamoja na maganda ya mayai uliyoyavunja. Maji ya kuchemshia karoti kandia unga. Majivu ya mkia wa moto, yakishapoa kabisa, sugulia ile sufuria ya oveni upande wa nje, kwa gunzi la mahindi badala ya sifongo ya dukani. Ndani usiguse, mchanga wako uko humo unangoja kesho.